Nyuzi Nyeupe Chini ya Vibanzi

Wiki hii nimechelewa kazini kwa sababu ya harufu. Lori la manispaa lilikuwa limemwaga rundo la miti iliyosagwa pale ninaposhukia basi, na mvua ilikuwa imelinyeshea usiku kucha. Nilipolipita nikasimama. Ni harufu ya mbao mbichi zinazoanza kuoza, tamu kidogo, na ndani yake kuna harufu nyingine, ile ya uyoga kabla haujatokeza. Niliingiza mkono ndani ya rundo, pamoja na mkono wa koti langu la ofisini, mpaka nikalisikia joto lake. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akanitazama, kisha akavuka barabara.

Ninyi mliokulia huku mtanielewa. Nawasema watoto wa mitaa ya huku ughaibuni, wa Malvern, wa North York, wa Mount Dennis, sisi tuliokuwa tukisemeshwa kwa Kiswahili tukajibu kwa Kiingereza bila hata kuondoa macho kwenye televisheni. Utoto wetu ulikuwa wa ghorofani. Udongo tuliusikia katika hadithi za wazazi, pamoja na kuni na kisima. Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa nilipougusa udongo wa nchi hii kwa mara ya kwanza, na kabla kiangazi hakijaisha nilikuwa nimeutia sumu.

Mama alikuwa nesi katika nyumba ya kulelea wazee. Tulikuja wawili, yeye na mimi, baba akabaki Iringa akisubiri karatasi zake, na karatasi hazikuwa na haraka. Nyumbani kwetu, ghorofa ya tisa, usafi ulikuwa dini ya pili. Mama alifagia mpaka roshani, ambako hapakuwa na kitu cha kufagia isipokuwa upepo. Kwao uwanja usiofagiwa alfajiri ni aibu ya mwenye nyumba. Jani moja likilala mlangoni, majirani wanauliza kama kuna mgonjwa. Mkate ukionyesha doa moja la kijani, ulitupwa mkate mzima, kabati likapanguswa kwa klorini, na mimi nikapewa somo.

"Kuvu halikai juu tu," alikuwa akisema. "Lina mizizi usiyoiona. Ukilivuta linaingia kifuani. Wazee wangu kule kazini kitu kama hiki kinawamaliza."

Niliamini kila neno. Fangasi kwetu ilikuwa ugonjwa wa miguuni na wa vinywani mwa wale wazee wake, na dawa yake ilikaa chini ya sinki, katika chupa nyeupe ambayo nilikatazwa kuigusa.

Kisha tukapata shamba. Naliita shamba, lakini kilikuwa kipande cha ardhi ukubwa wa sebule, katika bustani ya jamii chini ya nguzo kubwa za umeme. Mama alikuwa ameandikisha jina akasubiri mpaka akasahau kwamba anasubiri. Barua ilipofika aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Jumamosi ile tulikwenda, yeye na ufagio wa chelewa aliokuja nao kwenye sanduku, mimi na ndoo ya plastiki. Tukakuta kipande chetu kimefunikwa vibanzi vya miti kimo cha kiganja.

Mama akashika kiuno. "Jamani, wametugeuzia jalala!" Akainama, akaanza kufagia.

Hakuwa amefika mbali sauti ikapigwa kutoka kipande cha jirani.

"Mama! Mama! Juu ya nini unatoa ile mbao? Miye njo niliiweka!"

Mama akasimama, ufagio ukiwa hewani. Nadhani hakushangazwa na lawama, alishangazwa na Kiswahili. Aliyekuwa akitujia mbio ni mwanamke mfupi, kitenge kiunoni na buti za mpira miguuni. Huyo ndiye Mama Zawadi, mtu wa Bukavu. Alisafisha maofisi, watoto wake walikuwa wamekua wakahamia Montreal, na Kiingereza chake kilikuwa salamu na asante. Mengine yote aliyasema kwa Kifaransa au kwa Kiswahili kile cha kwao, ambacho "njo" yake ni "ndiyo" yetu, na ambacho mama alikiita Kiswahili cha miguu peku.

"Uliweka takataka kwenye shamba la watu?" mama akauliza.

"Takataka?" Mama Zawadi akapiga magoti, akafukua vibanzi kwa vidole. Chini yake palikuwa peusi na pana unyevu, ingawa hapakuwa pamenyesha siku nyingi. Katikati ya vijiti zilipita nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zimetambaa kila upande, zimeshikamanisha kijiti na kijiti. "Unaona? Hizi njo bafanyakazi. Zinakula mbao, zinaacha udongo. Weye unalala, zenyewe ziko kazini."

"Dada, hilo ni kuvu."

"Ndiyo."

"Kuvu!"

"Ndiyo, Mama. Na yenyewe Mungu njo aliumba."

Walibishana mpaka jua likatupata utosini. Mwishowe wakakubaliana: nusu ya kipande chetu mama ataifagia atakavyo, nusu nyingine inayopakana na Mama Zawadi ibaki na vibanzi vyake, halafu tuone. Mama akapanda maharage kote kote, safu kwa safu, nusu safi na nusu chafu, kama alivyoziita.

Kiangazi kile kilikuwa kikavu. Nusu iliyofagiwa ilimeremeta wiki ya kwanza, ya pili ikakakamaa, ya tatu ikapasuka. Mama aliimwagilia jioni, na asubuhi ilikuwa imekunja uso tena. Nusu ya vibanzi tuliimwagilia mara moja moja tu, na maharage yake yalipanda fito kama yameitwa. Siku moja mama akafukua pale mwenyewe, akidhani hatumtazami, akashika ule udongo mweusi, akaunusa. Mama Zawadi alikuwa anamtazama vizuri sana.

"Haya," mama akasema. "Mkongo umenishinda. Lakini kufagia siachi."

"Iko siku nitakuja asubuhi nimwage kitu kwenye hii jangwa yako, uache ufagio!"

"Thubutu!"

Wakacheka mpaka mama akaketi chini, juu ya vibanzi vyenyewe. Nilimtazama kwa mshangao. Katika nchi hii sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo. Kazini alisema Kiingereza kutwa nzima, kwa uangalifu, kama anayebeba trei ya glasi. Nyumbani aliongea nami, nami nikamjibu "okay" na "I know". Mama Zawadi ndiye mtu pekee aliyemjibu kwa lugha aliyoulizwa. Tangu hapo Jumamosi zikawa za kwao: chungu cha maharage kilipikwa kikubwa, nusu ikaenda kwa Mama Zawadi, na chombo kikarudi na lengalenga, ambayo mama alisisitiza kwamba ni mchicha tu.

Jumapili moja baada ya ibada Mama Zawadi alituongoza mpaka kwenye bonde lenye msitu, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Tulikuta mti mkubwa umeanguka, wa ile miti ambayo jani lake liko kwenye bendera ya huku. Ulikuwa umelala siku nyingi. Ubavuni mwake yameota makuvu magumu, moja juu ya jingine, kama sahani zilizopangwa kabatini, yenye mistari ya kahawia na ya kijivu. Mama Zawadi akabandua gome kwa kidole. Mbao ilikuwa laini, inamong'onyoka, na nyuzi zilezile nyeupe zilikuwa zimejaa ndani yake.

"Simba haiwezi kula mti," akasema. "Tembo inakula matawi, inachoka. Hii kitu haina meno, na inamaliza mti muzima. Kama haiko, hapa hatupati nafasi ya kupita. Mizoga ya miti mpaka juu." Kisha akaonyesha miche iliyoota juu ya mgongo wa ule mti, imejipanga, mibichi kabisa. "Angalia batoto. Banakula mama yao, na mama yao amekubali."

Leo nimesoma, ninajua kwamba hakukosea. Ninajua kwamba uyoga tunaouona ni tunda tu, na mwili wenyewe ni zile nyuzi. Kwamba mbao ni ngumu kwa karibu kila kiumbe, na kuvu ndilo linaloifungua. Ninajua pia kuna makuvu ya namna nyingine yanayoshikana na mizizi ya mti au ya mharage, yakaufikia unyevu na madini ambayo mzizi peke yake usingeyafikia, nayo yakalipwa sukari. Kila nikifikiria hilo nashangaa upya. Sisi tunakanyaga hapo juu na viatu vyetu, tunasifu maua, na fundi yuko chini.

Lakini siku ile msituni sikustaajabu. Niliogopa. Niliangalia ule mti uliolika ndani nikafikiria kifua cha mtu. Maana wiki ile mama alikuwa ameanza kukohoa.

Alikohoa asubuhi, macho yakimwagika machozi, na alikohoa zaidi tukiwa shambani. Mimi nikajumlisha. Kuvu lina mizizi usiyoiona. Ukilivuta linaingia kifuani. Mama kila Jumamosi anainama juu yake, analifukua, analinusa! Mama Zawadi simlaumu, nilijiambia, hakusomea unesi, hajui. Na mama naye anacheka, amesahau somo lake mwenyewe. Nilibaki mimi. Baba alikuwa mbali, na mama ndiye mtu wangu mmoja tu. Nililala nikimsikiliza akikohoa ng'ambo ya ukuta.

Siku ya pili nikatia ile chupa nyeupe kwenye begi la shule, nikaifunga kwa sweta. Bustani ilikuwa njiani kwetu, na namba za kufuli nilizijua. Baada ya masomo nikaingia. Hapakuwa na mtu. Nikafukua vibanzi penye nyuzi nyingi, pale mpakani kati ya shamba letu na la Mama Zawadi, nikamwaga mstari mzima, taratibu, bila kubakiza, kama mama alivyopangusa kabati. Nikarudisha vibanzi vizuri juu yake. Nilikwenda nyumbani nimefurahi. Nilijiona nimemwokoa mama, na nikaona si vizuri kujisifu.

Jumamosi tulipofika, maharage ya mpakani yalikuwa yamelala. Majani yalikuwa meupe pembeni, mengine yamekauka kabisa, na upande wa pili safu ya kwanza ya lengalenga ya Mama Zawadi imekufa pia. Mama akachuchumaa. Akafukua. Nesi haambiwi harufu ya klorini.

Mama Zawadi alikuwa amesimama kwake, mikono kichwani. "Mon Dieu, ni nini hii?"

"Wewe niambie," mama akasema.

"Niambie nini?"

"Si ulisema utakuja asubuhi umwage kitu? Utani una mipaka, dada. Nimepanda kwa mikono yangu."

Watu wa vipande vya jirani waliacha kazi zao. Hawakuelewa maneno, lakini sauti haihitaji mkalimani. Mama Zawadi hakupaza yake.

"Miye nilikimbia vita na mutoto mugongoni," akasema. "Tulilala njaa. Miye, niue chakula?"

"Imemwagika mpaka kwako, ndivyo ninavyoona. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika pindo la gauni lake. Maneno yote niliyaelewa. Nikajikunja zaidi nyuma ya lile gauni. Mama Zawadi akaokota jembe lake, akaondoka. Tangu siku ile alikuja saa ambazo sisi hatupo, na tulimjua kwa udongo uliomwagiliwa tu.

Nimefanya makosa mengi tangu wakati ule, baadhi makubwa kuliko lile, lakini hakuna lililonikalia kooni namna ile. Jumamosi mama alipika chungu kilekile kikubwa, akapakua nusu kwenye chombo kwa mazoea, akakitazama, akakirudisha chunguni. Alishika simu, akaiweka. Nilimwuliza kwa Kiingereza kama ana njaa, akajibu hana. Na kikohozi hakikuondoka. Hilo ndilo lililonimaliza: nilikuwa nimewaua wafanyakazi wote wa mpakani, na mama bado alikohoa.

Baadaye alikwenda kwa daktari, akarudi na vidonge na kicheko kidogo cha uchungu. Ni chavua za majani, alisema, mzio tu, watu wengi wa huku wanao. Kwa siku nne akawa amepona. Mimi nikajifungia chooni nikalia, sikujua kama ni kwa furaha au kwa aibu. Sasa najua ilikuwa yote mawili.

Mvua za mwisho wa kiangazi zikaja. Siku moja, mama akichuma upande wa pili, nikathubutu kufukua pale nilipomwaga. Nilitegemea kukuta pamekufa. Kweli katikati palikuwa kimya, vijiti vikavu visivyoshikamana. Lakini kutoka upande wa Mama Zawadi nyuzi nyeupe zilikuwa zinarudi. Zilikuwa nyembamba mno, chache, kila moja imetangulia kidogo kuliko mwenzake, na mbili au tatu zilikuwa zimeshavuka mstari wangu zimeingia kwetu. Nilizitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Hazikuwa na hasira. Zilikuwa na kazi, na zilikuwa zimeiendea palepale nilipozichoma. Nilizifunika polepole, nikiomba nisiwe nimezikata.

Siku ya kufunga bustani kulikuwa na baridi. Msimamizi, bwana mmoja mrefu mwenye miwani, alikaa kwenye meza karibu na lango akipokea karatasi: anayebaki anasaini, anayeachia anasaini. Mama Zawadi alikuwepo, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule saa ileile na sisi. Alikuwa anang'oa fito zake, anazifunga kamba. Mama alijifanya anahangaika na maboga aliyokuwa ameyaongeza kando ya maharage. Msimamizi akapita akamwambia mama kwamba jirani yake ameachia kipande, ameshasaini, mama akikitaka, anaweza kukichukua kiunganishwe na chake.

"No," mama akasema. "No, thank you." Akageuka haraka, akachuma boga ambalo halijakomaa.

 Nikajua kwamba nikikaa kimya dakika ile, Mama Zawadi atatoka kwenye lile lango na jina baya nililompa mimi, na mama yangu atabaki na mimi tu, mtoto wa kumjibu "okay".

Nikamwendea. "Mama Zawadi," nikasema, kisha nikaendelea kwa Kiingereza, haraka haraka, yote. Akaacha kamba, akanitazama kwa upole wa mtu asiyeelewa hata neno. Hapo nikaona kwamba nilipozoea kujificha, ndani ya Kiingereza, pamefungwa.

"Mimi," nikasema. Kiswahili kilikuwa kizito mdomoni, niliona haya. "Mimi nilimwaga dawa. Dawa ya kuosha. Si wewe. Mama alikohoa. Mimi niliogopa hii nyeupe, itakula mama. Niliua hii. Na maharage ilikufa. Ni mimi peke yangu."

Nyuma yangu boga lilianguka. Mama alikuwa amesikia. Nilingoja kibao, ningekipokea. Hakunigusa. Alinipita, na mbele ya watu walewale waliomsikia siku ile, mama yangu akapiga magoti kwenye vibanzi vilivyolowa, viganja pamoja, kama wanavyoomba radhi wanawake wa kwao.

"Dada, nilikuvunjia heshima hadharani. Nisamehe."

Mama Zawadi akaviangalia vile viganja. "Uliwaza miye naweza kuua chakula."

"Niliwaza."

"Ilinichoma, Mama."

"Najua."

"Haujue." Akajipangusa pua kwa ncha ya kitenge. Kisha akamshika mama kiwiko. "Simama. Udongo iko baridi." Mama hakusimama, basi Mama Zawadi akachuchumaa naye, wakabaki hapo, vichwa karibu kugusana, mmoja analia na mwingine anamkemea kwa kulia.

Kumbe alikuwa bado ananitazama kwa jicho moja. "Weye mutoto," akasema. "Kimbia kwa ule muzungu. Umwambie karatasi yangu arudishe. Mwambie miye siende popote."

Nilikimbia. Nikamkuta pale mezani anapanga karatasi zake, nikamshika mkono wa koti, nikamweleza: kwamba Mama Zawadi haondoki, kwamba kosa ni langu, si lake, kwamba airudishe karatasi sasa hivi kabla hajaitia kwenye mfuko. Nilieleza kwa kirefu, sikuacha kitu, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kile kianze nilipumua mpaka chini.

Yule bwana akaondoa miwani, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Sorry, sweetheart," akasema taratibu. "Can you tell me that in English?"